Mikoko au ukuta: kipi kinaokoa bonde la mpunga?

SWALI: Assalaam alaykum mtaalamu. Bonde letu la mpunga huku Mkoani linaingia maji ya chumvi kila bamvua kubwa, bahari inapojaa kupita kawaida. Kamati ya shehia inataka mikoko kwa kuwa ni rahisi. Wengine wanataka ukuta wa zege kama ule wa pwani ya Mizingani, Unguja mjini. Miche tuliyopanda mwanzo imekufa karibu yote. Fedha ziende wapi? (Mkulima, Kusini Pemba)

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi na kushika udongo usimomonyoke. Maji ya bamvua yakipanda taratibu kupitia mkondo, yatapita katikati ya mizizi na kuingia bondeni. Wanaoahidi kuwa mikoko peke yake itayazuia wanawapotosha.

Ukuta wa Mizingani una majengo ya Mji Mkongwe na barabara nyuma yake, kwa hiyo gharama yake inaeleweka. Bondeni, zege litakula fedha nyingi na tena litafungia maji ya mvua, mpunga uoze. Mimi ningejenga tuta la udongo lenye mlango wa maji unaojifunga bahari ikijaa na kufunguka ikitoka, na mikoko mbele yake ili mawimbi yasilile tuta.

Kuhusu miche iliyokufa, naomba mkague mlichopanda na mlipopanda. Mbegu ndefu za mkoko huokoteka kwa urahisi, basi watu huzichomeka popote, hata kwenye mchanga wazi unaofunikwa na maji muda mrefu mno. Mikoko ina aina nyingi: upande wa bahari ni makao ya aina iitwayo mlilana. Mkandaa, aina nyingine, hukaa juu zaidi. Pandeni pale miche inapoota yenyewe.

Na huo urahisi wa bei ambao kamati inausema mnaupimaje? Mche ukigharimu shilingi 500 na katika kumi ukabaki mmoja, mti huo mmoja umewagharimu 5,000. Mfadhili akileta ripoti ya miche iliyopandwa, mwulizeni ya iliyo hai baada ya miaka miwili. Mna haki ya kuuliza: mchango wa Tanzania katika hewa chafu inayoongeza joto la dunia na kuinua bahari haufiki hata asilimia 1, na bahari inawafuata nyinyi shambani.

Bamvua ijayo, chomekeni vijiti kwenye mkondo na juu ya kingo, mtie alama maji yanapofika. Yakiingia kwa mkondo tu, mlango mmoja unaweza kutosha. Yakivuka kingo, tuta lazima liinuliwe.