Kikundi cha maji kinaweza kuuza hisa?

SWALI: Kikundi chetu cha Nyalenda, Kisumu, kimesajiliwa kama kikundi cha kijamii na kina vioski 12 vya maji. Tunatafuta shilingi milioni 3 za matangi na mabomba. Tumesikia kuna masoko ya hisa ya biashara za kijamii. Tunajiorodhesha vipi?

JIBU: Kikundi cha kijamii hakina hisa za kuuza. Mkisajili kampuni binafsi ya hisa, Sheria ya Kampuni ya 2015 inaweka kikomo cha wanachama 50, mbali na wafanyakazi, na inakataza kuualika umma kununua. Tangazo moja la "njoo ununue hisa" kwenye Facebook linatosha kuwatia matatani.

Masoko yenyewe nayo si yale mnayoyadhania. La London, lililoanza 2013, halikuwa na mahali pa kununua wala kuuza hisa. Lilikuwa orodha ya kampuni zilizokubali kuonyesha matokeo yao kwa jamii. La India, lililoorodhesha shirika la kwanza Desemba 2023, lina hatifungani (hati ya kukopesha pesa) isiyolipa riba wala kurudisha mtaji. Kwa maneno mengine, ni mchango wenye masharti ya soko. Soko la Hisa la Nairobi lina kitengo cha kampuni zinazokua, lakini kwa milioni 3 ada za mshauri, wakili na mkaguzi zitawamaliza. Uchangishaji wa mitaji mtandaoni unaruhusiwa kwa kanuni za 2022, mradi jukwaa liwe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Ningewashauri mkataba wa mgao wa mauzo. Tuseme mnauza mitungi 120,000 ya lita 20 kwa mwezi, kila mmoja shilingi 5: hizo ni 600,000. Mkimpa mwekezaji asilimia 12, anapata 72,000 kwa mwezi, na mkikubaliana alipwe mara 1.3 ya pesa zake, yaani milioni 3.9, deni linaisha kwa miezi 54 hivi. Masika yakifika, watu wakikinga maji ya paa na mauzo yakashuka hadi 350,000, mnalipa 42,000 tu. Mkopo wa kawaida ungedai kiasi kilekile Aprili kama Januari, na hapo ndipo vikundi vingi hukwama.

Ugomvi huzuka kwenye neno "mauzo". Kila kioski kiwe na mita na namba yake ya malipo ya M-Pesa. Lita zilizotoka zikizidi zilizolipiwa, ama bomba linavuja au muuzaji anatia mfukoni.

Msikubali deni la dola. Dola 20,000 zilikuwa kama milioni 2.5 Januari 2023. Mwaka mmoja baadaye, milioni 3.2, ilhali mtungi hulipiwa kwa shilingi.

Mwekezaji wa kijamii atauliza pia maji ni safi kiasi gani, na "tunahudumia watu 5,000" si jibu. Anzeni daftari leo, kabla pesa hazijaja, ili kuwe na cha kulinganisha: klorini (dawa ya kuua vijidudu) iliyobaki kwenye maji ya mfereji isipungue miligramu 0.2 kwa lita, ipimwe kila asubuhi kabla ya kuuza, na siku ambayo haikufika iandikwe vilevile.