Nani yuko nyuma ya barakoa?

Mdogo wangu wa Kirumba, umeuliza kama trela (kionjo cha filamu) inatosha kumtambua shujaa aliyeficha sura, maana mnabishana kila siku kibanda umiza. Haitoshi kabisa. Trela huhaririwa makusudi ili kuficha: ya Avengers: Infinity War (2018) ilimwonyesha Hulk akikimbia vitani Wakanda, nchi ya kubuni, lakini kwenye filamu yenyewe aliyepigana pale ni Bruce Banner, yule binadamu anayegeuka Hulk, akiwa hajageuka, ndani ya vazi la chuma.

Hata jina lililotangazwa lisikushike. Miranda Tate wa The Dark Knight Rises (2012) kumbe ni Talia al Ghul, adui wa Batman. Dalili nzuri kuliko zote kwamba jina ni la kuficha ni mwigizaji mkubwa kupewa mhusika mdogo asiyekuwemo kwenye vitabu vya katuni. Picha iliyovuja? Ipakie kwenye utafutaji wa picha mtandaoni, uone ilianzia wapi.