Re: Probox ya gia za mkono haipati mnunuzi
Ndugu, unauliza kwa nini gari yako, Toyota Probox ya gia za mkono, imekwama kwenye yadi hapa Nakuru huku za otomatiki zikiondoka. Magari yetu mengi ya mitumba hutoka Japani, na huko karibu kila mtu anaendesha otomatiki. Kwa kuwa hatuagizi gari lililozidi miaka 8, tunapata kile walichonunua wao juzi. Vijana wengi wamezoea hizo tu.

Usiitupe kwa bei ya hasira, tafadhali! Ipeleke Molo siku ya soko. Anayebeba viazi kwenye matope anataka gia ya kwanza imshikilie mteremkoni, breki zisipate moto. Lakini kama klachi inateleza, badilisha kwanza. Mnunuzi wa kule ataijaribu mlimani, tena ikiwa na mzigo.