Mfuko wa kulalia wa "-25": je, unatosha kulala Crater Camp, Kilimanjaro?

SWALI: Mwezi wa nane tunapanda Kilimanjaro na walimu wenzangu kwa njia ya Lemosho, na usiku mmoja tutalala Crater Camp, kambi iliyo ndani ya kreta karibu na kilele. Nimenunua mfuko wa kulalia wa mtumba pale Memorial, Moshi. Lebo yake ina namba tatu: -1, -7 na -25. Muuzaji anasema nisiogope, unafika hadi -25. Ni kweli? Na kati ya manyoya na nyuzi za kiwandani, bora ni upi? (Mwalimu, Dodoma)

JIBU: Mwalimu, muuzaji hakudanganya namba, ila amekusomea isiyokuhusu. Kwa Crater Camp mfuko huo hautoshi.

Namba hizo ni za joto kwa Selsiasi, na hutoka maabara. Sanamu la ukubwa wa mtu, lenye vipasha joto mwilini, huvishwa nguo nyepesi za ndani, huingizwa kwenye mfuko na kulazwa juu ya godoro katika chumba cha baridi. Kiwango kinachotumika siku hizi ni ISO 23537; lebo za zamani zimeandikwa EN 13537. Namba ya kwanza ni ya mwanamke wa vipimo vya kawaida (miaka 25, kilo 60, urefu mita 1.60) anayelala kwa raha. Ya pili ni ya mwanamume aliyejikunja, anayeweza kumaliza usiku bila kuamshwa na baridi. Ya tatu si ya kulala hata kidogo: inakadiria baridi ambayo mwanamke yule ataivumilia kwa saa sita bila kufa, na hata hapo vidole vyake vinaweza kudhurika. Huo ni usiku wa ajali. Wewe soma ya kwanza. Mfuko wako ni wa -1.

Sasa linganisha na mahali penyewe. Crater Camp iko takriban mita 5,700, na usiku pale mara nyingi hushuka chini ya -10. Usiku mkali hukaribia -20. Halafu lile sanamu linapashwa joto kwa umeme, wewe unajipasha mwenyewe. Kwenye mwinuko huo kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi ina oksijeni kidogo. Utafika umechoka, hamu ya chakula imekwisha, maji umekunywa kidogo, na mwili usiokula hautoi joto la kutosha. Mfuko hautengenezi joto, unazuia tu lisipotee. Kwa hiyo tafuta wenye namba ya kwanza -15 au chini zaidi, wenye kofia ya kukazwa usoni, ukosi wa kuziba shingoni, na utepe mnene nyuma ya zipu. Zipu isiyo na utepe huo hupitisha baridi usiku kucha.

Manyoya au nyuzi? Kwa safari yako, manyoya ya bata. Kwa uzito uleule yanatunza joto zaidi. Udhaifu wake ni maji: yakilowa yanajikusanya mabonge na kuacha kufanya kazi, na kabla ya baridi utapita msituni ambako mvua inaweza kukunyeshea. Uweke ndani ya mfuko wa plastiki mzito kabla ya kumkabidhi mgumu anayekubebea. Nyuzi huvumilia unyevu, lakini mtumba wa nyuzi siupendi, maana umekaa miezi umebanwa ndani ya robota, na nyuzi zikishabanwa hivyo hazirudi zote. Manyoya hurudi. Utandaze saa kadhaa, uung'ute, kisha uunyanyue kuelekea dirishani: penye mwanga unaopita wazi hapana manyoya.

Wengi hugharimia mfuko na kusahau chini. Manyoya yanayolaliwa hubanwa, kwa hiyo kinachokutenga na mchanga ulioganda ni godoro. Magodoro mazuri yana namba ya R, yaani kipimo cha jinsi godoro linavyozuia joto lisipotee, na ukiyapanga mawili namba hujumlishwa: sponji ya R 2 chini ya godoro la upepo la R 4 inakupa R 6, ambayo inatosha. Sponji ile nyembamba peke yake, hapana.

Kabla ya kulala kula hata kidogo, vaa soksi kavu, jaza chupa maji ya moto (kaza kifuniko!) uiweke miguuni. Usivae majaketi hadi mfuko ukakubana, na pua ibaki nje, kwani pumzi ndiyo inayoulowesha kwa ndani. Kama daktari amekupa Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, utaamka kukojoa. Usibane, toka haraka urudi.

Huna haja ya kununua mwingine. Moshi kampuni nyingi hukodisha. Omba uone lebo yenyewe, usikubali kuambiwa tu "huu ni wa mlimani". Huo wa kwako unaweza kuuvisha juu ya wa kukodi ikiwa ni mpana kiasi cha kutoubana wa ndani, na utaongeza joto la maana. Ukikosa wa -15, mwambie mwongozaji wako mapema abadilishe ratiba mlale kambi ya Barafu, mita 4,673. Pale pana baridi pia, lakini ni nafuu, na karibu na saa sita usiku mtakuwa mmeshaamka kuelekea kileleni.