Mbwa wa kuwinda akikufia Nairobi: nilivyomzika Mbiu na ninavyomkumbuka

Pole sana, ndugu. Umesema mbwa wa kuwinda aliyekuwa wa marehemu baba yako, uliyemleta Nairobi kutoka Kitui baada ya matanga, amekufa jana. Majirani wa ploti wanakucheka kwa kulia, hujui umzike wapi, na mke wako ameshaanza kutaja mtoto mwingine wa mbwa. Mimi nilimpoteza Mbiu, mbwa wa uzao kama huo kutoka Makueni, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia.

Tuanze na mwili, maana huo hausubiri. Kama alibadilika tabia kabla ya kufa, akatokwa na mate mengi, akashindwa kumeza au akamng'ata mtu, usichimbe bado na usimshike kwa mikono mitupu. Wapigie watu wa mifugo wa kaunti. Kichaa cha mbwa huthibitishwa kwa kupima ubongo, na maabara kuu ya mifugo iko hapa hapa Kabete. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu.

Kama ni uzee au ugonjwa mwingine, mzike. Mzike kweli kweli. Nairobi watu wengi humtia mbwa kwenye gunia wakamtupa jalalani usiku, na hilo huniudhi, wala si kwa sababu ya heshima peke yake. Mbiu alichoshwa na figo, mwishowe daktari akamdunga sindano ya kumlaza. Dawa inayotumika sana kwa kazi hiyo, pentobabitali, haiishi nguvu mnyama anapokata roho; hubaki ndani ya mzoga. Wale korongo wanaolala kwenye miti ya karibu na uwanja wa Nyayo, wanaoshinda majalalani, au mbwa koko wa mtaani, wakila nyama hiyo wanaweza kufa nao. Hali ni hiyo hiyo kwa mbwa aliyelishwa sumu na wezi. Kwa hiyo chimba mita moja hivi, mbali na kisima, mfukie, shindilia, na juu upange mawe asije akafukuliwa. Mwombe mwenye ploti ruhusa kabla ya kushika jembe.

Kama uko upande wetu huu wa Utawala na Ruai, udongo ni ule mweusi. Kiangazi unapasuka hadi mkono unaingia kwenye nyufa, na mvua ikinyesha shimo linajaa maji kabla hujamaliza kuchimba. Mimi niliomba nafasi kwa rafiki mwenye kishamba Kabete, kwenye udongo mwekundu, tukamlaza chini ya mparachichi. Mama mwenye shamba aliuliza tu kama mbwa alikuwa na jina, kisha akatuletea chai.

Sasa hao wanaocheka. Usigombane nao. Mtu aliyekulia Nairobi anamjua mbwa kama sehemu ya ukuta: kibao cha "mbwa mkali" getini, kelele usiku, basi. Ukuta ukianguka unajengwa mwingine, nani ataulilia? Hawajaishi na mbwa wa kuwinda, na tofauti yake ni kubwa kuliko wanavyodhani. Mbwa wa ulinzi hubweka kufukuza. Wa kuwinda hubweka kuita.

Mbiu alipofika Utawala, majirani walilalamika kwamba nimeleta bubu. Bodaboda zinapita, mbwa wote wa mtaa wanawaka, yeye amelala. Mjomba wangu aliyenipa alikuwa amenionya: huyu akilia, kuna jambo, nenda. Siku moja alilia kwenye rundo la mawe ya ujenzi, sauti moja ndefu, kimya, tena moja, huku akigeuka kunitazama. Hakuwa akilitisha lile rundo. Alikuwa akinisubiri. Nilipofika tu akanyamaza, akasogea kando kunipisha, kwa maana yeye ameshamaliza sehemu yake. Kulikuwa na nguchiro ndani, yule aliyekuwa akimaliza vifaranga vya jirani. (Jirani huyo huyo ndiye aliyekuja baadaye kuniambia niache kulia kama mtoto. Nilimwonyesha banda lake la kuku, tukaishia hapo.)

Wahenga husema mbwa wa msasi (mwindaji) mkali ni mkali pia. Mimi siuamini sana msemo huo. Mjomba ni mtu mpole kupita kiasi, na uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977. Sheria ya wanyamapori ya 2013 nayo haikulegeza kitu. Mbwa wake ni wajukuu wa wale waliotembea na babu porini, lakini kazi aliyowapa yeye ni kufukuza nyani kwenye mbaazi. Hata hivyo pua haikujua kama kuna sheria. Nilikuwa nikimpeleka Mbiu msitu wa Karura, ambako mbwa sharti awe kwenye kamba. Tukifika mahali paa amepita, anasimama ghafla, mguu mmoja wa mbele juu, mkia umenyooka, halafu ananiangalia usoni. Kila mara namtikisia kichwa. Kila mara anashusha mguu, tunaendelea na njia. Hajawahi kuvuta kamba. Mbega wakiruka juu ya miti hakuwajali kabisa. Windo la mitini aliliona si lake.

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi alipokufa, si upweke. Nilikuwa nimezoea kuwa na mtu, ndiyo nasema mtu, anayenipa taarifa halafu anangoja uamuzi wangu. Ghafla nyumba haina habari.

Ushauri wangu kuhusu kumkumbuka: picha unazo kwenye simu, ziache zikae huko. Kilicho hatarini ni uzao wake. Mbwa wa mbegu maalum wana vyeti, na kuna klabu ya mbwa ya Afrika Mashariki yenye madaftari yao. Wa kwetu daftari lao ni vinywa vya wazee. Baba yako ameondoka na ukurasa mmoja tayari. Piga simu Kitui wiki hii, ukiwa bado na uchungu, kwa sababu uchungu utakufanya uulize vizuri. Mama yake alikuwa wa boma gani? Alipewa nani ndugu zake? Nani alimfunza kukaa kimya? Nilipompigia mjomba nilipata habari za mbwa jike mmoja aliyefariki kabla sijazaliwa, aliyekuwa na tabia ile ile ya kusogea kando mtu akifika. Mjomba aliongea hadi salio likakata. Nimeandika yote kwenye kitabu cha shule cha mwanangu.

Mtoto mwingine? Mke wako hana haraka mbaya, ila usimpe jina la marehemu, utamwonea bure kwa kumdai tabia zisizo zake. Mchanje kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka. Jike la mjomba lina mimba sasa. Kama una ua wa kutosha na huna nia ya kumfunga mnyororo mchana kutwa, sema hapa nikuwekee mmoja. Madume wawili wa kwanza wameshaahidiwa watu wa Machakos.