Mla Chambo

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwa hasira. Nilimsifia vibua, akawakaanga, nyumba nzima ikanuka shombo, akaishia kumpa paka. Nikamuuliza swali moja tu: tangu kuvuliwa hadi kufika jikoni, samaki walikaa wapi? Akajibu: kwenye ndoo ya chambo, tangu alfajiri.

Ndoo hiyo naijua. Kwa miaka mingi kibua kwangu hakuwa kitoweo. Nilimkata vipande, nikamtia kwenye ndoana, nikamngoja nguru. Siku moja bahari ikatunyima kabisa. Niliona aibu kurudi mikono mitupu, nikabeba vibua waliobaki kwenye ndoo, nikawakaanga mpaka wakakauka. Haikupita saa, uso ukawaka moto, shingo ikajaa vipele, kichwa kikagonga, moyo ukaenda mbio. Nikaamini nina mzio wa samaki. Wenzangu chomboni walipopata habari wakanibandika jina: Mla Chambo. Liliniuma, na sitasema halikuniuma.

Daktari ndiye aliyenifumbua macho. Nyama ya vibua, dagaa na jodari ina histidini nyingi, kiungo cha asili cha protini. Samaki akiachwa kwenye joto, bakteria huigeuza kuwa histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, na hiyo ikishaingia haitoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Samaki anaweza asinuke kabisa na bado akakulaza kitandani. Kumbe sikuwa na mzio wowote. Niliwaacha samaki juani asubuhi nzima, basi.

Nilikaa miaka miwili bila kuwagusa. Niliporudi, nilirudi na barafu. Sasa kibua akitoka majini tu namkata matamvua damu imtoke, namtumbukiza kwenye barafu niliyoichanganya na maji ya bahari. Usimlaze juu ya mabonge makavu: maji ndiyo yanayomzunguka mwili mzima na kumpoza upesi. Matumbo natoa mapema.

Jikoni hakuna maneno mengi. Ile nyama nyeusi ya ubavuni ndiyo yenye ladha kali, asiyeizoea aitoe. Namtia chumvi, namwacha kidogo, namfuta maji, namchoma kwa moto mkali, ngozi ikiwa chini. Mafuta anayo mwenyewe, usimwongezee. Ndimu au siki hukata shombo iliyobaki. Ukigandisha, usimweke zaidi ya miezi mitatu, maana mafuta yake huchacha hata ndani ya friza. Na chambo cha kununua kilichogandishwa usikile kabisa. Hakikutunzwa kwa ajili ya mtu kula.

Lakini barafu kwanza, jamani! Barafu kabla ya mshipi kuingia majini. Tunatafuta omega-3 kwenye vidonge, huku samaki aliyejaa mafuta hayo tunamkatakata ili tumnase mkubwa ambaye, kwa kula wenzake maisha yake yote, amejilimbikizia sumu ya zebaki nyingi kuliko huyo kibua. Mvuvi anayejua thamani ya bahari hawezi kuendelea hivyo. Badilikeni.

Jumamosi nilikuwa nakata chambo chomboni. Yule aliyenipa jina, ambaye mwezi uliopita alikula kwangu vibua wanne peke yake, akanishika mkono wa kisu.

"Hao wanono usiwakate," akasema. "Watie kwenye barafu."

Nikawatia.