Herufi kubwa kwenye kichwa cha ukurasa

Ndugu yangu, umeuliza kama kuandika kichwa chote cha ukurasa (ule mstari wa kubofya unaoonekana kwenye matokeo ya Google) kwa herufi kubwa kutaipandisha juu kwenye matokeo hayo tovuti yako ya vyumba vya wageni Nyali. Hapana. Google haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika maneno yanayotafutwa: anayeandika "vyumba nyali" na anayeandika "VYUMBA NYALI" wanapata majibu yaleyale.

Hasara iko kwenye nafasi. Kwenye matokeo ya Google, kichwa kirefu hukatwa kwa upana, si kwa idadi ya herufi. Kwenye kompyuta ni kama pikseli (vidoto vya skrini) 600 hivi. Herufi kubwa ni pana, kwa hiyo "VYUMBA VYA WAGENI NYALI MOMBASA KARIBU NA BAHARI BEI NAFUU" huenda kikaishia nukta tatu kabla ya bei kuonekana. Tena macho huchoka kusoma maneno yanayopiga kelele, na Google yenyewe inaweza kukiandika upya kichwa isichokiridhia.

Andika hivi: "Vyumba vya wageni Nyali, Mombasa – karibu na bahari". Ukitaka kila neno lianze kwa herufi kubwa, sawa tu, bora kurasa zote zifanane. Vifupisho kama SGR viache vilivyo.

Ukishabadilisha, bandika anwani ya ukurasa kwenye Google Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, na uombe usomwe upya. Huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki.

Ila anwani yenyewe usiiguse ovyo: kwenye seva nyingi (kompyuta zinazohifadhi tovuti) /Vyumba na /vyumba ni kurasa mbili tofauti, na mgeni anayetumia anwani ya zamani ataangukia ukurasa wa kosa 404, yaani ukurasa haupatikani.